Mlima Hutoa, Mtelezaji Hupima

Anayetazama mchezo wa skii kwa mara ya kwanza huona kasi. Watu wanashuka mlima wakiwa wamesimama juu ya mbao mbili, theluji inatimka nyuma yao, na kwa dakika chache wanaumaliza mteremko ambao kuupanda kwa miguu kungewachukua nusu siku. Ni rahisi kudhani kwamba kasi hiyo ndiyo ufundi wenyewe. Lakini kasi haidai fundi; hata jiwe likiachiwa huko juu litafika chini upesi. Nguvu yote ya kushuka inatoka mlimani, na mlima unaitoa bure kwa kila mtu, anayejua na asiyejua. Anachokijua fundi ni kupima: achukue kiasi gani cha nguvu hiyo, aichukue wapi, na siku nyingine kama aichukue au aiache kabisa. Nahodha wa jahazi haleti upepo. Ujuzi wake uko katika kuamua tanga lipokee upepo kiasi gani. Mtelezaji hodari naye ndivyo alivyo mbele ya mteremko.

Ukitaka kuuona ufundi huu mzima, kuanzia somo la kwanza la mtoto hadi uamuzi mgumu wa mwongozaji wa milimani, nenda Arlberg, magharibi mwa Austria, kwenye mpaka wa majimbo ya Tirol na Vorarlberg. Vijiji vya St. Anton, St. Christoph, Stuben, Zürs na Lech vimeunganishwa na lifti zaidi ya 80. Tangu mwaka 2016, gari la kebo la Flexenbahn lilipoanza kazi, mtu anaweza kutoka St. Anton hadi Lech na kuendelea mbele bila kuvua skii ili apande basi. Kuna takriban kilomita 300 za njia zinazotengenezwa, na takriban 200 nyingine ambako theluji huachwa kama ilivyoanguka. St. Anton iko mita 1,304 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Valluga kinachosimama juu yake kinazidi mita 2,800. Mteremko uliopo kati ya hapo na pale umelea walimu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wa kwanza wao kwa heshima ni Hannes Schneider, aliyezaliwa Stuben mwaka 1890. Mwaka 1907, akiwa kijana wa miaka 17, aliajiriwa na Karl Schuler, mwenye hoteli ya Post pale St. Anton, ili awafundishe wageni skii. Enzi hizo wengi waliteleza wakiwa wamesimama wima, na wengine waliegemea fimbo moja ndefu ili kupunguza mwendo. Schneider aliinama. Alikunja magoti, akapeleka kiwiliwili mbele, akaushusha uzito karibu na theluji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na alichokitaka yeye kilikuwa utulivu kwenye mwendo mkali, ambao mtu aliyesimama wima haupati. Kutokana na mkao huo akapanga ngazi za kujifunza kugeuka. Kwanza mwanafunzi anashuka akiwa ameachanisha mikia ya skii na kuzielekeza ncha pamoja, ili kingo za ndani zikwangue theluji na kumpunguzia mwendo. Kisha anasukuma mkia wa skii moja tu, nayo inamgeuza. Mwishowe anajifunza kuzileta skii zote mbili sambamba huku kona ikiendelea.

Wapo waliojua kuteleza kabla yake na wakati wake. Alichowazidi ni subira ya kukigawa kitu kigumu katika vipande ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvimeza kimoja kimoja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mpango wake ukawa shule kamili: wanafunzi waliwekwa kwenye madarasa kulingana na uwezo wao, walimu wote walifundisha kwa utaratibu mmoja, na mtu alipanda darasa alipokuwa tayari. Filamu alizocheza chini ya mwongozaji Arnold Fanck ziliupeleka mtindo huo mbali. Mwaka 1928 yeye na Mwingereza Arnold Lunn walianzisha mashindano ya Arlberg-Kandahar, na mwaka 1930 alialikwa Japani kufundisha. Mwaka 1938 Wanazi walipoitwaa Austria walimkamata, na mwaka uliofuata akahamia North Conway, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, alikoendelea kufundisha hadi alipofariki mwaka 1955. Mbinu zimebadilika sana tangu siku zake, lakini kokote duniani ambako mwanafunzi wa skii anaambiwa aanze na kilima kidogo, kisha kikubwa kidogo, mkono wa Schneider ungalipo.

Tuisogelee kona moja, maana ndiyo kiini cha yote.

Skii ya leo ni pana kwenye ncha, pana kwenye mkia, na nyembamba katikati. Kingo zake zimefungwa chuma, jambo lililoanza miaka ya 1920 kwa kazi ya Rudolf Lettner wa Salzburg. Ukiilaza skii upande na kuikanyaga, ile sehemu nyembamba hushuka hadi igote theluji, na ubao mzima unapinda. Mpindo huo ndio unaoichora kona. Skii nyingi za njia zilizotengenezwa huchongwa kufuata duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni lina mita 12 hadi 18 hivi. Kwa hiyo kona tayari imo ndani ya ubao, mtelezaji anaiamsha. Anaanza na kifundo cha mguu, kisha goti, kisha nyonga, vyote vikilalia ndani ya kona, huku kifua kikiendelea kutazama chini ya mlima. Uzito mwingi unakaa kwenye mguu wa nje. Anayegeuka kushoto hubebwa na mguu wa kulia, na anayegeuka kulia hubebwa na wa kushoto.

Ukielezwa hivi, jambo linaonekana jepesi. Ugumu unatoka kwenye woga. Mwili wa binadamu ukiuona mteremko hujivuta nyuma, kuelekea mlimani, ambako panaonekana pana usalama. Kwenye skii, kujivuta huko ndiko kunakoleta hatari, kwa sababu mtu akirudi nyuma ncha za skii hukosa uzito, haziumi tena theluji, na mbao zinajiendea zenyewe. Dawa yake ni kuuendea mteremko unaouogopa. Walimu huifupisha dawa hiyo kuwa agizo moja: muundi uguse ulimi wa buti. Buti la skii ni gumu na limebanwa kwa bizimu. Muundi ukiliegemea kwa mbele wakati wote, ncha zina uzito na skii inatii.

Nimewatazama walimu wa St. Anton kwenye viwanja vya wanaoanza, na subira yao ni sehemu ya ufundi huu. Mwalimu anateleza kinyumenyume mbele ya mwanafunzi, anamtazama magotini, na kurudia neno lile lile bila kupandisha sauti. Hamwambii asiogope. Anajua kwamba woga hauondoki kwa kuambiwa. Huondoka pale mguu wenyewe unapothibitisha, mara baada ya mara, kwamba skii iliyokanyagwa mbele inageuka na iliyokanyagwa nyuma inakimbia. Akishaona mwanafunzi amekaa sawa kwa kona tatu nne, anampeleka juu kidogo, penye mwinuko unaozidi kidogo tu, na somo linaanza upya.

Kona ina mwanzo, katikati na mwisho. Mwanzoni skii zinalazwa upande mpya. Katikati zinatazama moja kwa moja chini ya mlima, na hapo ndipo mwendo unapopanda. Mwishoni zinavuka mteremko, na mwendo unashuka. Mtu ambaye hajaiva huikimbia ile katikati: anazizungusha skii kwa ghafla ili asikae akitazama chini, kisha anakwangua theluji kwa nguvu ili ajizuie. Fundi hukaa hapo. Anaziacha skii zielekee chini, anauacha mwendo upande, halafu anaifunga kona taratibu mpaka mbao zielekee upande na mwendo umerudi pale anapoutaka. Umbo la kona ndilo breki yake. Akitaka kwenda polepole anaifunga zaidi. Akitaka kwenda kasi anaiacha wazi.

Ukikaa kwenye lifti ya viti inayopita juu ya njia asubuhi, unaweza kuyasoma haya yote chini ya miguu yako. Aliyeburuza mikia ameacha alama pana, na theluji imesukumwa pembeni. Aliyekata kona kwa kingo ameacha mistari miwili myembamba, iliyo sambamba, isiyokatika kutoka kona moja hadi nyingine. Hakuna theluji iliyotupwa pembeni, kwa hiyo hakuna nguvu iliyopotea. Alama hiyo haidanganyi, na walimu huwaonyesha wanafunzi wao alama zao wenyewe kabla ya kuwaeleza lolote.

Alama hizo zinasomeka kwa sababu kuna watu waliofanya kazi usiku. Lifti zikifungwa, madereva wa katapila za theluji hupanda mlimani. Mbele katapila ina sepeto pana la kusukuma na kujaza mashimo. Nyuma ina mtambo unaosaga mabonge na kuacha mistari midogo iliyonyooka. Penye mwinuko mkali, katapila hufungwa kwenye waya mrefu wa winchi ulioshikizwa juu, ili isiteleze na isiichimbe theluji inayotaka kuilaza. Dereva hodari haondoi matuta tu. Anairudisha juu theluji ambayo watelezaji wameisukuma chini mchana kutwa, na anaijua kila sehemu ambayo upepo umeacha kipara. Kisha theluji inahitaji saa kadhaa za baridi ili chembe zake zishikamane. Njia iliyosagwa na kuachwa ilale usiku hubaki imara. Iliyokanyagwa upesi huvunjika mapema.

Njia zenyewe zina rangi. Kwa kawaida ya Austria, ya bluu haizidi mwinuko wa asilimia 25 na nyekundu haizidi 40, isipokuwa vipande vifupi. Nyeusi ni zaidi ya hapo. Lakini St. Anton ina sifa ya kumfundisha mtu kwamba rangi haielezi kila kitu. Njia iliyokuwa laini saa tatu asubuhi huwa na matuta kufikia alasiri, kwa sababu kila anayepita hugeuka mahali alipogeuka mwenzake na kusukuma theluji pale pale. Kwenye matuta kona ndefu haiwezekani. Hapa zinatakiwa kona fupi za mfululizo, zile ambazo Stefan Kruckenhauser, aliyekiongoza kituo cha mafunzo ya skii cha St. Christoph, alizieneza kwa walimu miaka ya 1950. Miguu inafanya kazi chini ya kiwiliwili kilichotulia. Magoti yanakunjwa tuta linapopanda na kunyooshwa linaposhuka, ili skii zisiachane na theluji. Mtazame fundi akipita hapo: magoti yanaruka kuelekea kifuani, na kichwa kinashuka mlima kwa mstari ulionyooka.

Ukitoka nje ya njia, kipimo kinabadilika. Kwenye njia, swali la mtelezaji ni achukue kiasi gani cha nguvu ya mlima. Huku nje, swali la kwanza ni kama achukue kabisa.

Theluji ya mlimani huja kwa tabaka. Kila dhoruba huleta lake, kila jua na kila upepo hulibadilisha, na tabaka la chini linaweza kuwa dhaifu wiki nzima baada ya la juu kupendeza macho. Upepo huikusanya theluji upande mmoja wa ukingo na kuifanya bamba gumu. Bamba hilo likikaa juu ya tabaka dhaifu, uzito wa mtu mmoja unaweza kulivunja na kulishusha lote. Maporomoko ya aina hiyo hutokea zaidi kwenye miteremko yenye nyuzi 30 na kuendelea, na bahati mbaya hiyo ndiyo miteremko watelezaji wanayoipenda. Mwaka 1999, katika bonde jirani la Paznaun, maporomoko yaliua watu 31 katika kijiji cha Galtür, majumbani na barabarani. Watu wa milima hii hawalichukulii jambo hili kuwa habari ya mchezo.

Kwa hiyo kazi ya mwongozaji huanza jioni ya siku iliyotangulia, taarifa ya hatari ya maporomoko inapotolewa. Kipimo chake kina ngazi 5. Wageni wengi huiona ya 3 kuwa ya katikati na kupumua. Mwongozaji huisoma kwa macho mengine, kwa kuwa hatari haipandi kwa hatua zinazolingana, na vifo vingi hutokea katika ngazi hiyo hiyo ya 3. Asubuhi anakagua kila mtu: kifaa cha redio kinachotuma mawimbi kikiwa kimewashwa na kuvaliwa mwilini, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo. Aliyefukiwa ana dakika chache tu. Akitolewa ndani ya dakika 10 za kwanza, uwezekano wa kuishi ni mkubwa. Baada ya hapo unaporomoka haraka. Atakayekuokoa ni mwenzako uliyeambatana naye, maana helikopta haiwezi kuwahi.

Huko juu, mwongozaji mwenye shaka huchimba. Analikata shimo, anausafisha ukuta wake, kisha anatenga nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 30 kwa 30. Anaweka koleo juu yake na kuligonga: mara 10 kwa ncha za vidole, akikunja kifundo cha mkono tu, mara 10 kutoka kwenye kiwiko, mara 10 kutoka begani. Anasikiliza na kutazama. Nguzo ikikatika kwenye mapigo ya mwanzo, na ikateleza kwa uso ulionyooka, ameshapata jibu. Hata ikistahimili, analinganisha na kila alichokiona tangu asubuhi: mabamba ya upepo kwenye ukingo, nyufa zinazokimbia mbele ya skii, mteremko wa jirani ulioporomoka usiku. Nguzo moja haiwezi kuusemea mlima mzima.

Uamuzi wa namna hii unaonekana wazi Valluga. Kipande cha mwisho cha kufika kileleni hupandwa kwa kijumba kidogo cha kebo kinachobeba watu wachache, na anayepanda na skii hana budi kuwa na mwongozaji mwenye cheti, kwa sababu upande wa kaskazini unashuka kwa ukali kabla ya kufunguka kwenye bonde la Pazieltal na kuishia Zürs. Mwongozaji anatangulia, na wengine wanamfuata mmoja mmoja, kila mmoja akisubiri mwenzake afike penye usalama. Mtelezaji mwenye haraka huiona subira hiyo kuwa usumbufu. Lakini kundi likigawanyika hivyo, mteremko hubebeshwa mtu mmoja tu kwa wakati, na likitokea la kutokea, waliobaki wanaweza kumwokoa.

Na theluji laini ikiwa salama, mwili hujifunza lugha nyingine. Kule kwenye njia ngumu mguu wa nje ulibeba karibu kila kitu. Hapa ukiukandamiza peke yake utazama na kukuangusha. Uzito unagawanywa kwa miguu yote miwili, skii zinakaa karibu karibu, na kona haifunguki kwa amri. Mtelezaji anakandamiza, skii zinazama na kupinda, theluji inazisukuma zirudi juu, na ni katika ule wepesi wa kurudi juu ndipo anapogeuza. Akiwahi, skii zinakataa. Akichelewa, anasimama. Mdundo huo anapewa na theluji, naye anaufuata.

Majira ya kuchipua yanaleta kipimo cha saa. Usiku theluji inaganda kama mawe, asubuhi jua linailainisha sentimita chache za juu, na ikifika mchana imelegea na ni ya hatari. Katikati kuna muda mfupi ambapo uso umelainika na chini pangali imara. Mwongozaji huufuata muda huo mlima kwa mlima: kwanza miteremko inayotazama mashariki, kisha ya kusini, mwisho ya magharibi. Akiwahi anawangoja watu wake juani mpaka uso ulegee. Akichelewa, anawarudisha kwa lifti bila kona hata moja. Namheshimu mtu huyu kuliko bingwa yeyote, kwa kuwa bingwa hupigiwa makofi kwa alichokifanya, na kilicho bora katika kazi ya mwongozaji mara nyingi ni mteremko alioukataa.

Msomaji hahitaji kwenda Austria ili auone ufundi huu. Mwaka 2018, huko Pyeongchang, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika skii za kushuka milima kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, na wengi wa kwetu waliutazama mchezo huo kwa makini kwa mara ya kwanza. Michezo hiyo ikirudi kwenye runinga, iache saa kwa muda. Tazama mguu wa nje: je, umenyooka na kubeba? Tazama kichwa kama kimetulia. Tazama theluji inatimka wapi. Ikitimka kwa wingi mwishoni mwa kona, mtelezaji amechelewa na sasa anafunga breki. Ikianza kutimka mapema, kabla skii hazijatazama chini, ameshika hatamu tangu mwanzo.

Ukishazoea kuvitazama vitu hivyo, utamwona fundi hata pasipokuwa na mashindano: mzee anayeshuka njia ya bluu asubuhi, muundi uko mbele, kona moja imefungwa kabla ya nyingine kufunguliwa, na mwendo ni ule ule tangu juu hadi chini. Anastahili heshima ile ile ya bingwa, kwa sababu wote wawili wanapokea kutoka mlimani kiasi wanachoweza kukitawala, na wote wawili wamekitafuta kipimo hicho kwa miaka.